Jamii si Jumla ya Watu: Luhmann na Sitiari ya Kioo

Kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imezoeleka mno katika uhakiki wetu hata haihojiwi tena. Makala haya yanaihoji kwa kurejelea dhana ya jamii katika nadharia ya mifumo ya Niklas Luhmann (1927–1998), mwanasosholojia wa Ujerumani.

Talcott Parsons, katika The Social System (1951), aliuona mfumo wa kijamii kuwa ni mfumo wa vitendo unaoshikamanishwa na maadili ya pamoja. Luhmann, aliyekuwa mwanafunzi wake Harvard mwaka 1960 hadi 1961, aliuacha msingi huo. Katika Soziale Systeme (1984) anashikilia kwamba jamii haiundwi na watu, bali na mawasiliano yanayozaa mawasiliano mengine. Binadamu, kwa mwili na nafsi yake, yumo katika mazingira ya jamii. Aidha, jamii ya kisasa imegawika katika mifumo kama vile sheria, uchumi, elimu na sanaa. Kila mmoja hupima mambo kwa kigezo chake, wala hapana ulio kilele cha mingine.

Tukiikubali hoja hii, sitiari ya kioo inavunjika. Kioo husimama nje ya kinachoakisiwa; riwaya, kwa kuwa ni mawasiliano, imo ndani ya jamii. Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ni ushahidi mwafaka. Wahakiki waliisoma kama sanaa; wenye mamlaka ya elimu waliipima kwa kigezo cha malezi ya vijana, wakaipiga marufuku katika shule za Tanzania. Kitabu kilikuwa kimoja, mifumo miwili. Hukumu zikatofautiana pasipo upande wowote kushindwa kusoma.

Hata hivyo, nadharia hii ina upungufu usiopuuzika. Rosa anajiua. Kwa mujibu wa Luhmann, uchungu wake umo katika mazingira tu hadi utakaposemwa. Mhakiki anayejali utu hawezi kuridhika na hilo. Lakini papo hapo ndipo kazi ya riwaya inapobainika: Kezilahabi aliusema uchungu ambao wengi walipendelea usitajwe, na marufuku yenyewe yakauzidishia mjadala.

Kwa hiyo tusiishie kuuliza iwapo riwaya inaakisi jamii kwa uaminifu. Tuulize ni uchungu upi imeuingiza katika mawasiliano ya jamii, na ni upi ambao ungali nje.