Namna ya Kuupima Mkono Unaopima

Anayetaka kujua kama mgonjwa amechunguzwa vyema katika kitengo cha dharura, Kitengela au Kajiado mjini, asihesabu dakika wala viungo vilivyoguswa. Aangalie kama kila alichotafuta tabibu kingeweza kubadilisha uamuzi wake. Chukua mtoto mwenye kikohozi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa kupumua haraka: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Tabibu hodari humvua shati, husubiri kilio kitulie, kisha huhesabu sekunde 60 nzima, na papo hapo huona kama kifua kinabonyea chini ya mbavu. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 amegeuza kosa la pumzi moja kuwa la pumzi nne, na nne zatosha kumvusha mtoto mpaka huo.

Wapo wasemao mashine zimeuondolea mkono kazi. Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ni cha lazima, sikatai; lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ulikipita kifaa hicho bila kuonekana karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Maabara nayo ina yake. Utafiti wa Busia uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kipimo cha haraka cha brusela kikiwapa ugonjwa huo watu wengi mno wasiokuwa nao. Kajiado, nchi ya mifugo, homa na maumivu ya viungo ni sababu nzuri ya kuiwazia brusela, ila majibu ya karatasi hayana uzito kama hakuna aliyeuliza juu ya maziwa mabichi, akashika viungo na kutafuta wengu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba matabibu wawili humgusa mgonjwa mmoja wakatofautiana. Ni kweli, na ndiyo maana uchunguzi bora hurudiwa. Majeruhi wa bodaboda kutoka barabara ya Namanga anaweza kufika na tumbo laini huku wengu ukivuja damu taratibu. Fungua faili lake: “tumbo sawa” haisemi lolote, bali saa, mahali penye maumivu na idadi ya mapigo humpa anayefuata kitu cha kulinganisha. Foleni ni ndefu, na usiku afisa wa kliniki mara nyingine hubaki peke yake, hilo halipuuzwi. Aliye hodari huacha kusikiliza moyo wa kila mwenye kidonda cha kidole kwa mazoea tu, apate kurudi kwenye lile tumbo kabla ya zamu kubadilika.