Sufi si Sufu: Maoni juu ya Rasimu ya Istilahi za Nyuzi Asilia

Imetufikia mezani rasimu ya istilahi za nyuzi asilia, yenye kurasa kumi na mbili, iliyotayarishwa na kikundi cha wafasiri kwa ajili ya walimu wa ushonaji na ufumaji katika pwani ya kaskazini. Msingi wake ni ile orodha ya nyuzi 15 iliyoenezwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2009, mwaka uliotangazwa kuwa wa kimataifa wa nyuzi asilia: nane za mimea na saba za wanyama. Tuliombwa tuipitie kabla haijapigwa chapa. Tumeipitia, na kwa kuwa kasoro zilizomo si za kikundi hiki peke yake, tumeona heri maoni yetu yasomwe na wote wanaofasiri, wanaofundisha na wanaoandika nyaraka za serikali.

Tuanze kwa kuwapa haki yao. Wafasiri hawa hawakukimbilia kutohoa. Wamerudisha kazini maneno mtande na mshindio, ambayo vijana wengi hawayajui tena, ingawa kazi yenyewe ni ya kale katika pwani hii. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi vilivyofukuliwa Kilwa ni ushahidi wa kutosha. Wametenganisha vizuri kusokota, kusuka na kufuma, jambo ambalo vitabu kadhaa vya shule vimelishindwa. Kasoro zinaanza pale wanapoacha kazi ya mikono na kuingia katika majina ya vitu vinavyosokotwa.

Ukurasa wa tatu una neno sufu, na maelezo yake ni kwamba ni manyoya ya kondoo, na pia pamba ya msufi itumiwayo kujazia mito. Ukurasa wa tano una neno sufi, na maelezo yake ni mafupi zaidi: tazama sufu. Basi. Kwa mstari mmoja mti na mnyama wamefanywa kitu kimoja.

Twaelewa jinsi kosa hili lilivyozaliwa. Maneno haya mawili ni ndugu. Yote yatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya manyoya ya kondoo, na wataalamu wengi husema kwamba hata wale wacha Mungu waitwao masufi walipewa jina hilo kwa sababu ya mavazi yao ya sufu. Aliyeuita mti msufi alikuwa akifananisha: aliona tunda limepasuka, akashika kilichomo, akasema hiki ni kama sufu. Mataifa mengine yamefanya vivyo hivyo. Herodoto Mgiriki, katika karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika kwamba India kuna miti izaayo sufu, naye alikuwa akisema habari za pamba. Na Wajerumani, waliotawala Tanga kabla ya Waingereza, hadi leo huiita pamba Baumwolle, yaani sufu ya mti. Lakini Mjerumani hachanganyi pamba na kondoo kwa sababu lugha yake imekwisha kuyatenga majina. Kiswahili nacho kimekwisha kuyatenga, kwa irabu moja tu. Irabu hiyo ndiyo rasimu inataka kutunyang'anya.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kondoo wa asili katika nchi yetu, yule mwekundu wa Kimasai na yule mwenye kichwa cheusi, ni kondoo wa nywele, si wa sufu. Mtu wa Tanga au Pangani hakuijua sufu kwa kumkata kondoo, bali aliijua ikiwa imekwisha kuwa nguo: blanketi, au joho, ambalo jina lake lilikuwa la kitambaa cha sufu kabla halijawa jina la vazi. Msufi, kwa upande mwingine, umesimama uani kwake, majani yamepukutika na matunda yananing'inia. Kwa hiyo sufi ni kitu cha nyumbani na sufu ni bidhaa ya dukani. Tulipomsomea ukurasa huo mzee mmoja mshona magodoro wa Ngamiani, alicheka kwanza, kisha akatuuliza: "Wanangu, nani amewahi kunyoa kondoo hapa Tanga akajaza mto?"

Hatulisemi hili kwa kupenda ubishi wa herufi. Uzi wa sufi ni mfupi, mtelezi, na ndani yake ni mtupu kama mrija uliojaa hewa. Ndiyo maana ni mwepesi mno, hukataa maji, na uliwahi kujaziwa maboya ya kuvaa mabaharia. Kwa sababu hiyo hiyo hausokoteki kwa urahisi peke yake, na mwalimu atakayemwambia mwanafunzi asokote sufi kama sufu atampotezea asubuhi nzima. Uzi wa sufu ni wa mawimbi, hushikana na wenziwe, na hunywa unyevu mwingi kabla mvaaji hajahisi baridi. Tena kuna jambo la moto. Sufi ikiguswa na cheche hushika mara moja. Sufu hushika kwa taabu, na aghalabu huzimika yenyewe. Afisa ugavi anayeagiza magodoro ya bweni kwa kufuata hati iliyofasiriwa kwa rasimu hii aweza kuagiza kitu kimoja akaletewa kingine, na wanaolala juu yake ni watoto wa watu.

Upande wa wanyama rasimu imechoka mapema. Kila kitu ni sufu: sufu ya mbuzi, sufu ya sungura, sufu ya ngamia. Hapa mfasiri amefuata Kizungu bila kutazama kitu chenyewe, na ametumbukia katika shimo linalojulikana. Nyuzi ziitwazo angora hutoka kwa sungura. Mbuzi wa Angora hatoi angora; hutoa mohea, neno ambalo asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya kilichochaguliwa. Sungura na mbuzi wote wawili wamepewa jina la mji mmoja wa Uturuki, ambao leo ni Ankara. Rasimu imeandika sufu ya Angora kwa vyote viwili, na imewaweka mbuzi na sungura katika zizi moja.

Jambo linalosikitisha ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kazi hii. Tuna manyoya, ambayo kwa kweli ni mapana mno kwa kuwa hubeba ndege na wanyama pamoja. Tuna singa, zilizo ndefu na zilizonyooka. Na tuna malaika. Hatusemi wale wa mbinguni, bali zile nywele nyembamba zilizo juu ya ngozi ya mkono, ambazo mmoja wake ni laika. Mbuzi wa kashmiri ana nywele za nje zilizo ngumu, na chini yake ana tabaka la nyuzi nyororo ambazo hukua wakati wa baridi na kuchanwa wakati wa joto linapoanza. Ili zipewe jina la kashmiri sokoni, wastani wa unene wake hautakiwi kuzidi mikroni 19. Tabaka hilo la ndani ni malaika, na hatuoni sababu ya kuliita vinginevyo. Twapendekeza basi: sufu kwa kondoo peke yake, malaika ya mbuzi kwa kashmiri, malaika ya ngamia kwa zile za ngamia, mohea kwa mbuzi wa Angora, na angora kwa sungura tu. Alpaka wa Amerika ya Kusini abaki na jina lake, kwani hatukuwahi kumfuga.

Tukija kwenye mimea, rasimu imetoa katani kwa ule mmea wa nchi za baridi wenye maua ya buluu, ikatoa kitani kwa nyuzi za mbangi, kisha mkonge ikauachia mkonge. Mkazi wa Tanga akisoma haya atatoka nje kutafuta maua ya buluu katika shamba la katani, na hatayaona. Ni kweli kwamba katani na kitani nayo ni ndugu wa baba mmoja wa Kiarabu, na kwamba zamani katani liliwahi kutumika kwa nyuzi za kamba za namna nyingi. Lakini matumizi yamekwisha kuamua. Kitani ni nguo nyepesi ya kuvaa, nayo hutoka kwa mmea huo wenye maua ya buluu. Katani ni ya Tanga.

Kuhusu mbangi, twadhani wafasiri waliona haya kulitaja jina, wakaificha nyuma ya kitani. Haya hiyo ina madhara. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inaukataza mmea huo nchini. Mfanyabiashara aliyeleta majora ya kitani halali kabisa hapaswi kujikuta anajieleza mbele ya mtu aliyesoma rasimu yetu. Na ziitwe nyuzi za mbangi, waziwazi.

Sasa mkonge wenyewe, ambao tungependa kukaa nao kidogo. Jina hili ni la kale kuliko mmea tunaouita hivyo leo. Wenyeji walilitumia kwa mimea ya porini ya jamii ya sanseviera, ambayo walikuwa wakitoa nyuzi zake kwa kamba na mitego. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani, na jina la mmea wa porini likamhamia mgeni. Mgeni akaujaza mkoa. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge.

Hapo tulipoandika tani za mkonge, msomaji ameelewa nini? Majani au nyuzi? Sisi tulimaanisha nyuzi, lakini sentensi haikusema. Katika uzito wa jani bichi, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu. Sehemu iliyobaki ni maji na nyama ya jani. Tumeona katika wilaya ya Korogwe mkataba mmoja wa mkulima mdogo, ambao hatutautaja mwenyewe, ulioahidi malipo kwa kila tani ya mkonge. Mkulima alihesabu majani aliyoyakata na kuyapakia. Mnunuzi alihesabu marobota yaliyotoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata, baada ya nyuzi kuoshwa, kuanikwa na kupigwa brashi. Kwa hesabu ya mkulima alikuwa na tani 50. Kwa hesabu ya mnunuzi alikuwa na tani 2. Hakuna aliyesema uongo. Neno moja lilikuwa limebeba vitu viwili, na aliyekuwa dhaifu ndiye aliyelipia.

Rasimu haikuyaona haya, kwani imeandika mkonge kwa mmea, mkonge kwa jani, mkonge kwa uzi na mkonge kwa kamba. Lakini watu wa mashambani wanayo maneno yao. Mkonge ni mmea. Jani ni jani la mkonge. Zinazotoka kwenye korona ni singa. Na zilizokauka, zikapigwa brashi na kufungwa kwa ajili ya soko ni katani. Wako watakaopinga kwamba singa ni nywele laini na uzi wa mkonge huchubua mikono. Twakubali. Lakini aliyeona singa zimeanikwa juu ya waya, ndefu, nyeupe, zikipeperushwa na upepo wa kusi, ataelewa kwa nini mfanyakazi alilichukua neno hilo, nasi hatuna ruhusa ya kumpokonya.

Jambo hili latufikisha kwenye neno laini, ambalo rasimu imelitumia kama lilivyo katika biashara ya dunia. Huko nyuzi laini ni zile za gome la shina, kama juti, kitani na ramii, na nyuzi ngumu ni zile za jani, kama katani. Mwanafunzi aliyebeba gunia la juti begani hataamini kwamba ni laini, na hatuna haki ya kumlaumu. Tunashauri mgawanyo ufuate mahali uzi unapotoka: nyuzi za gome, nyuzi za jani, nyuzi za mbegu, nyuzi za tunda. Pamba itakaa na mbegu, nayo sufi itakaa na tunda. Laini liachwe kwa ngozi ya mtu.

Nyuzi za ganda la nazi, kama rasimu inavyoziita, zifutwe kabisa. Makumbi yanafukiwa katika tope la ufukweni, yanaozeshwa miezi kadhaa, kisha kina mama huyapiga kwa magongo hadi yatoke usumba, na usumba husokotwa kamba. Neno lipo, na ganda la nazi si kumbi. Kifuu ni kitu kingine tena.

Tumeirudisha rasimu kwa wenyewe pamoja na barua hii. Tumewaomba wakae siku mbili Ngamiani na siku mbili katika shamba lolote la Muheza au Korogwe kabla ya kuandika upya ukurasa wa tatu, wa tano na ule wa mkonge. Kuna neno moja ambalo sisi wenyewe hatujalipata: zile nyuzi fupi zinazodondoka chini ya brashi, ambazo huuzwa kwa bei yake mbali na katani ndefu. Msomaji aliyefanya kazi katika chumba cha brashi atuandikie waliziitaje, na kama shamba jirani waliziita hivyo hivyo.