Sikukuu na Mavazi katika Kitabu cha Salme binti Said

Kitabu cha kumbukumbu alichokiandika Salme binti Said kwa Kijerumani, kikachapishwa mwaka 1886, chastahili kusomwa na kila mwenye kuchunguza habari za wanawake wa Unguja. Mwandishi alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka kwao mwaka 1866. Habari zake za Idi, mavazi na mapambo ni za mtu aliyeyavaa mwenyewe, si za msafiri aliyechungulia mlangoni. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Lakini kasoro yake yatokana na sifa iyo hiyo: aona kwa macho ya jumba la mfalme. Wajakazi huonekana zaidi kama sehemu ya fahari ya mabibi zao, na utumwa wenyewe mwandishi autetea. Mjakazi aliionaje Idi yake? Hatuambiwi. Sehemu ya jibu twaipata baadaye katika nguo: utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki, wakavaa kanga. Basi mchunguzi na azisome kurasa za Salme, wala asisahau kuupima na ukimya wake.