Boudin na Matajiri wa Ufukoni

Eugène Boudin (1824–1898), mwana wa baharia wa Honfleur, Ufaransa, husifiwa kwa mawingu yake, na kwa kuwa ndiye aliyemzoeza Monet, angali kijana, kuchora nje chini ya mbingu. Sifa hizo ni haki yake, lakini zimeifunika kazi nyingine isiyo duni: picha ndogo za rangi za maji alizowachora matajiri katika ufuko wa Trouville tangu miaka ya 1860.

Reli ilifika huko mwaka 1863, na wakubwa wa Paris wakamiminika kila majira ya joto, wakaketi vitini juu ya mchanga, wamevaa kama waendao karamuni. Upepo na jua havimngoji mchoraji. Boudin alitangulia na mistari michache ya penseli, kisha akapitisha rangi nyepesi, akaiacha karatasi nyeupe iwe ndiyo nuru. Gauni pana ni doa moja; mwavuli ni mpigo mmoja wa brashi; uso, mara nyingi, haupo.

Katika kukosekana kwa uso ndimo thamani ya picha hizi ilimo. Mtu alipaye ili achorwe hutaka atambulikane. Hapa hatambulikani: cheo chake kimebaki katika nguo, na nguo yenyewe yapeperushwa na upepo ule ule usukumao matanga ya wavuvi. Mchoraji hakumsifu wala hakumkebehi. Amempima kwa anga, naye ameonekana mdogo.

Boudin mwenyewe alisitasita. Mwaka 1867, alipotoka Bretagne kwa watu maskini wa kazi, alimwandikia rafiki yake kuwa umati wa Trouville wamchukiza kama mchezo wa vinyago. Mwaka uliofuata aliutetea: wakulima wana wachoraji wao, hawa nao, waliokuja kupumzika na shughuli zao, wana haki ya kuchorwa wakitembea kuelekea machweo.

Barua zote mbili zina kweli, na rangi za maji zazipatanisha. Rangi ya mafuta humpa mchoraji nafasi ya kurudi, kufunika na kupamba. Ya maji humfunga kwa kile alichokiona saa ile. Kwa hiyo atakaye kumhukumu Boudin na aanze na karatasi hizi, kabla ya mbao zake za rangi ya mafuta.