Mfuko Unapofunguliwa: Matamvua ya Mbuna wa Liuli

Wafuga samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wanamjua mbuna mmoja, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kutoka mwambao wetu wa Liuli, kwa jina la kisiwa anachotoka: Hongi. Kumfikisha huko si kazi ndogo. Kwa barabara, Liuli hadi Songea unapita Mbamba Bay na Mbinga. Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na safari ya ndege bado. Katika safari hiyo samaki hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Kujua kama anaumia humo ni kazi ngumu. Aksoloti, amfibia wa Meksiko, humrahisishia mfugaji kazi hiyo. Matamvua yake, viungo vya kupumulia majini, yamechomoza nje, nyuma ya kichwa, yakinywea, unayaona. Tena ana mapafu, hivyo maji yakiharibika hupanda juu kumeza hewa. Mbuna hana mapafu ya kumwokoa, na matamvua yake yamefichwa chini ya kifuniko cha shavu. Ukimwona anahema harakaharaka karibu na uso wa maji, ujue madhara yameshaanza.

Adui mkubwa ni amonia, taka ambayo samaki mwenyewe huitoa, sehemu kubwa kupitia matamvua hayohayo. Ndiyo maana wafungashaji wazuri hawamlishi siku moja au mbili kabla ya safari. Kisha humtia katika mfuko wenye maji kama theluthi moja, na nafasi iliyobaki hujazwa oksijeni safi.

Sasa tazama kinachotokea humo. Samaki anapumua, kabonidioksidi haina pa kutokea, maji yanazidi kuwa na asidi. Maji ya Nyasa kwa kawaida yana pH ya karibu 8 au zaidi. Ya mfukoni huweza kushuka hadi 7. Mtu angedhani hilo ni balaa, kumbe ndilo linalomlinda. Katika nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inapita asilimia 5, na kwenye 8.5 inakaribia 15.

Kwa hiyo hatari kubwa inamngoja mwisho wa safari. Mfuko ukifunguliwa, kabonidioksidi inatoroka, pH inapanda, na amonia iliyokusanyika njiani inageuka sumu huku samaki bado yumo. Wapo wanaomwongezea maji ya tangi kidogokidogo kwa saa nzima, wakiamini wanamzoesha. Kwa samaki aliyetoka safari ndefu, huruma hiyo inamchoma matamvua.

Njia iliyo salama ni fupi. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, joto lilingane. Ufungue, mtoe samaki kwa wavu mara moja, umtie katika maji safi. Maji ya mfuko yamwage. Yasiingie tangini hata tone.

Hata baada ya hapo hesabu ni ileile. Tangi la mbuna hutunzwa kwenye pH ya juu kama ziwani, hivyo amonia ambayo samaki wa maji ya pH 7 angeivumilia itamuumiza huyu. Ndugu mfugaji, nunua kipimo cha amonia kabla hujanunua samaki, na usimtie mbuna majini mpaka kisome sifuri.