Baba Anayefuata Nyayo

The Gods Must Be Crazy II haina miungu ndani yake. Hata ile chupa ya Coca-Cola iliyoipa umaarufu sehemu ya kwanza, ya mwaka 1980, haimo. Jina limebaki kwa sababu jina linauza. Pamoja na jina amebaki N!xau, Msan kutoka Tsumkwe, kaskazini-mashariki mwa Namibia, ambaye safari hii anaigiza baba anayeitwa Xixo. Watoto wake wawili wanapanda gari la majangili wa pembe za ndovu kwa udadisi tu wa kitoto, na gari linaondoka nao. Baba anashika njia, anafuata alama za matairi mchangani. Mwanasheria kutoka New York na mtaalamu wa wanyama waliokwama porini na kindege chao, askari wawili wanaotekana kwa zamu, majangili wenyewe: wote hao ni watu ambao baba anawakuta njiani.

Nimeirudia kwenye DVD hapa Lushoto, msimu huu ambao ukungu unashuka Magamba saa kumi jioni na kila mtu anatafuta sababu ya kubaki ndani. Nilitaka kujua kama bado inachekesha. Jibu ni ndiyo, ila si mahali pote pale tulipokuwa tukicheka zamani.

Ni vizuri kukumbuka kwanza namna filamu kama hii ilivyotufikia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa watu wengi video ilitangulia televisheni: deki moja, skrini moja, mabenchi, kiingilio mlangoni. Kisha wakaja watafsiri, wale walioweka sauti yao ya Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ndiye aliyetamba kuliko wengi katika kazi hiyo. Neno "kutafsiri" halitoshi kueleza walichofanya. Waliongeza majina, methali, vijembe, bei za sokoni. Filamu ya Marekani au ya Hong Kong ikitoka mikononi mwao ilikuwa imehamia Manzese.

Nakala tuliyokuwa tukiitazama utotoni, kwenye kibanda cha jirani, ilikuwa na mtafsiri wa namna hiyo. Alimpa Xixo sauti ya mtu aliyeteremka stendi ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, mfuko wa rambo mkononi, akishangaa kila kitu. Kibanda kizima kilicheka. Ukifikiri vizuri, kicheko kile kilikuwa na maana yake. Msambaa akifika mjini ndiye anayeitwa mshamba. Lafudhi yake huigizwa mpaka anaacha kusema. Sasa pale kwenye skrini alikuwepo mtu aliye chini yetu kwenye ngazi ileile. Filamu ilitupandisha daraja kwa saa moja na nusu.

Kumbe mtafsiri wetu hakuanzisha kitu. Alikalia kiti kilichokuwa tayari na mtu. Filamu yenyewe ina msimulizi wa Kiingereza, mwenye sauti tulivu ya filamu za wanyama, anayetueleza Xixo anafikiri nini, anaogopa nini, hajui nini. Xixo na watoto wake wanazungumza lugha yao yenye vidoko, na mara nyingi hatupewi maneno yao, tunapewa ufafanuzi wake. Simba, nyani na baba aliyepotelewa na watoto wanasimuliwa kwa sauti ileile. Hapo ndipo kasoro kubwa ya Jamie Uys, mwongozaji wake, inapokaa. Wala huhitaji nadharia ya darasani kuiona. Inatosha kuuliza ni nani kwenye filamu hii anayeruhusiwa kujisemea.

Lakini zima sauti. Nilifanya hivyo kwa dakika kama ishirini, na filamu ikawa nzuri zaidi. Uys alikuwa hodari wa vichekesho visivyohitaji maneno. Kuna nyegere anayeng'ang'ania buti la yule mtaalamu wa wanyama na kukataa kuliachia. Mtu yeyote aliyekulia karibu na mizinga ya nyuki anajua kwamba hapo hakuna kilichotiwa chumvi. Kuna mtoto aliyebaki peke yake, fisi anamnyemelea, naye anaweka kipande cha ubao juu ya kichwa ili aonekane mrefu. Fisi anapima, anasita. Mtoto anaendelea kutembea, ubao kichwani. Kicheko kinakukwama kooni kwa sababu unajua ubao ukianguka itakuwaje. Na katikati ya yote hayo kuna N!xau akitembea, akiinama, akigusa mchanga, akiinuka. Anasoma. Hakuna anayemdharau mtu anayesoma kwa umakini kiasi kile, hata kama hujui maandishi yake. Huku mlimani mvua hufuta nyayo kabla ya jioni, kwa hiyo maarifa yale yanastaajabisha zaidi.

Ni kwa sababu ya maarifa hayohayo kwamba filamu hii hainiachi nikiwa na amani. Turudi kwa wale askari wawili, Mateo wa Cuba na Timi, adui yake Mwafrika. Bunduki inahama mkono hadi mkono, mateka anakuwa mteka, na mwisho tunaelewa kwamba vita ni upuuzi. Funzo jema. Ila filamu ilitengenezwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na ilipotoka mwaka 1989 jeshi la nchi hiyo lilikuwa limepigana miaka mingi Angola na Namibia. Kwenye filamu askari wa Afrika Kusini haonekani. Vita vinabaki kuwa ugomvi wa Mcuba na Mwafrika, kana kwamba hakukuwa na mtu wa tatu.

Huyo mtu wa tatu alikuwa Tsumkwe kwenyewe. Jeshi la Afrika Kusini liliandikisha wanaume wa Kisan kwa mamia, wengi kwa sababu mshahara wa jeshi ndio uliokuwa mshahara pekee, na moja ya kazi walizopewa ni kufuata nyayo za wapigania uhuru. John Marshall, Mmarekani aliyewapiga picha Wasan kwa miongo mingi, alimwonyesha afisa wa jeshi akiandikisha watu katika filamu yake ya mwaka 1980 kuhusu mwanamke aitwaye N!ai, humohumo unaiona timu ya Uys ikiwa kazini. Ujuzi ambao kwenye vichekesho unamrudisha mtoto kwa baba, nje ya kamera ulikuwa ukiwatafuta watoto wa watu wengine. Baadhi ya wapiganaji wa SWAPO walipitia kambi ya Kongwa, Dodoma. Tuliwapa hifadhi wao, kisha tukanunua tiketi.

Simwambii mtu aitupe DVD yake. N!xau hakuwa mtoto wa porini asiyejua thamani ya fedha kama filamu zilivyotaka tuamini. Sehemu ya kwanza ilimlipa dola mia chache, kama ilivyoripotiwa mara nyingi; kwa ya pili alidai malipo makubwa zaidi, akayapata, na akajenga nyumba ya matofali kwa ajili ya familia yake. Alifariki mwaka 2003. Madai yale ya malipo ndiyo mazungumzo yake bora kuliko yote, na hakuna msimulizi aliyeyafafanua.

Kwetu sisi kazi imebaki. Tanzania ina Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Kondoa, watu wenye lugha za vidoko, na bado utawasikia wakiigizwa mabwenini kwa sauti ileile ya kwenye kanda. Kicheko hicho tulijifunza mahali fulani. Filamu hii ni mmoja wa walimu wetu, mwalimu mcheshi, mwenye kipaji, aliyeruka sura moja nzima ya somo. Mtazame na wadogo zako. Wakifika pale baba anapoinama kugusa mchanga, punguza sauti, uwaulize wao anasoma nini.