Itazame Stopa Kabla ya Kulipa

Juzi, kwenye mkutano wa wenye Subaru nje kidogo ya Nairobi, watu waliizunguka Impreza moja ya buluu wakaisifu kupita kiasi. Ilikuwa imeshushwa hadi madigadi yamefunika tairi, na shokamzoba za rangi ya dhahabu zilimeremeta nyuma ya rimu. Ilipoondoka ililivuka tuta la langoni kimshazari, gurudumu baada ya gurudumu, na kila moja lilipotua nilisikia kishindo kikavu, kifupi, cha kitu kilichofika mwisho wa njia yake. Hakuna aliyegeuza kichwa. Wote walikuwa wameshika simu wakipiga picha, na gari hilo ndilo lililotajwa kuwa bora la siku. Nimekasirika tangu hapo, ndiyo maana naandika.

Anayetaka kubadilisha shokamzoba na springi za gari la kasi analoendesha barabarani aanze na barabara yenyewe. Kona za Tigoni, Kiambu Road, mteremko wa Mai Mahiu: lami ya viraka, kingo zilizolika, matuta yasiyopakwa rangi. Springi ya kilo 10 kwa milimita, inayouzwa kwa watu wa viwanja vya mashindano, hapa ni adhabu. Piga hesabu. Kona moja ya mbele ya Impreza hubeba karibu kilo 400. Springi ya kilo 10 itajibana milimita 40 gari likiwa limesimama, na hizo 40 ndizo akiba yote ya gurudumu kulifuata shimo kabla springi haijalegea. Ya kilo 5 ina akiba ya 80. Mbele sivuki kilo 6, na sioni kwa nini mtu wa barabarani avuke.

Hayo ya springi watu huyazungumza. Wasichokizungumza kamwe ni stopa.

Stopa ni kipande kidogo cha mpira kinachokaa juu ya shafti, chini ya mauntingi, kimefichwa na kava ya vumbi. Muuzaji haipigi picha na mnunuzi haiulizi. Lakini gari likishashushwa, stopa ndiyo inayofanya kazi kutwa. Tuseme ulikuwa na milimita 60 kati ya shokamzoba na stopa. Ukashusha gari 40 kwa springi fupi, ukaacha kila kitu kingine kama kilivyotoka kiwandani. Umebaki na 20, na tuta la kawaida tu linazimaliza. Kibaya zaidi ni kwenye kona. Gari limelala, gurudumu la nje la mbele linakutana na stopa katikati ya kona, ugumu unapanda ghafla, tairi linaachia na gari linataka kwenda moja kwa moja. Stopa ya nyuma ikigongwa kwanza, ni mkia unaokimbia. Nimeona watu wakilaumu tairi, wakanunua mpya, wakaweka stabilaiza nene, wakarudia alaimenti, na muda wote huo mwenye kosa ni kampira ambako hawajawahi kukatazama.

Vua kava uishike. Stopa nzuri ni nyepesi, mara nyingi ya njano au rangi ya malai, ina vidato kiunoni na ncha nyembamba. Ncha inakubali kidole gumba bila ubishi, kisha kadiri unavyosukuma ndivyo inavyokataa, polepole, bila ukuta. Mbovu ni nyeusi na ngumu kama kisigino cha kiatu. Iliyozeeka inabaki mkononi ikiwa unga.

Kisha ifanyie jaribio. Funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye shafti, iteremshe hadi kwenye sili, halafu endesha njia unayopita kila siku, kwa mwendo wako wa kila siku. Rudi, piga jeki, tazama kamba imesukumwa hadi wapi. Njia ya kawaida isiifikishe kwenye stopa. Shimo kubwa ulilolikosea ndilo liiguse. Kamba ikikutwa imebanwa kwenye stopa baada ya safari ya kwenda sokoni, hiyo kazi irudishe, hata kama shokamzoba zimetoka Ulaya na risiti yake.

Kuna fundi mzee wa Industrial Area niliyejifunza mengi kwake kwa kumtazama tu. Mteja huja na boksi lenye jina kubwa. Yeye hasomi jina. Huingiza kidole chini ya kava, hupapasa, kisha huuliza, "Na stopa yake, kijana?" Wengi huona anawachelewesha. Kumbe amekutana na wauzaji wanaoing'oa kusudi. Bila stopa gari huwa laini ajabu siku ya kujaribu, mnunuzi anatabasamu, analipa. Siku si nyingi, pistoni inagonga valvu ya chini na mafuta yanavuja. Kwenye shokamzoba za kupinduliwa, kama za STI za miaka ya 2000, ujanja huo ni rahisi zaidi, maana stopa imejificha ndani ya bomba. Hapo usikubali maneno, ifunguliwe uone.

Kuhusu kushusha, milimita 25 zinatosha. Ingia chini utazame mkono wa chini: uwe sawa na ardhi, au uteremke kuelekea gurudumu. Ukiuona unapanda kuelekea gurudumu, gari hilo lenye mfumo wa MacPherson linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko kabla halijaguswa, hata likipendeza vipi kwenye picha.

Kliki 32 za kurekebisha ugumu wa shokamzoba hazinitishi. Nyingi kati yake hazibadilishi kitu. Muuzaji anayejua kazi atakuonyesha grafu ya shokamzoba yake, kubana na kurudi. Asiye nayo anakuuzia kifundo cha kuzungusha. Bilstein, Koni, Öhlins: hao wamelipia heshima yao. Na shokamzoba ya barabarani isirekebishwe kila wikendi. Iwekwe sawa mara moja, iachwe.

Zamani tulijua kwamba gari halihitaji kushushwa ili lipendeze. Legacy GT-B ilipotoka mwaka 1996, ile B ikiwa ya Bilstein, zilizofika kwetu zilikimbia bila kishindo, na hakuna aliyeona haya kwa urefu wake. Dereva Patrick Njiru alimaliza wa nne kwenye Safari Rally ya 1994 kwa Impreza ya Group N iliyosimama juu, yenye magurudumu yaliyopanda na kushuka yatakavyo. Watu walijipanga kando ya barabara za vumbi kuyatazama magari yakimeza mashimo. Huo ndio uliokuwa uzuri wa gari.

Siku ya kufunga, simama pale gereji. Boliti za bushi zisikazwe gari likining'inia kwenye jeki. Lishushwe kwanza, magurudumu yabebe uzito, lisukumwe mbele na nyuma litulie, ndipo zikazwe. Zikikazwa hewani, bushi zinakaa zimejipinda na baada ya muda zinachanika. Fundi akikwambia ni mamoja, chukua ufunguo wa gari lako.